Jinsi ya kuibana halmashauri na mkoa watenge fedha za tabianchi: mwongozo kamili kwa mkazi wa Dar es Salaam

Kila masika yakiisha, simu yangu hujaa picha za barua. Zinatoka Tabata, Msasani Bonde la Mpunga, Mchikichini, Mbagala. Zimeandikwa kwa uchungu, zina sahihi nyingi, na karibu zote zimekwama. Nyingi zimepelekwa kwa Mkuu wa Mkoa mwezi wa Mei, zikiomba "serikali ichukue hatua madhubuti dhidi ya mabadiliko ya tabianchi". Jibu, likija, ni kwamba suala limepokelewa na linafanyiwa kazi.

Makosa ni yale yale matatu. Barua imebisha mlango usio wake, imefika baada ya bajeti kufungwa, na ombi lenyewe halina umbo ambalo ofisa anaweza kuliweka kwenye karatasi ya fedha. Mwongozo huu unayarekebisha yote matatu, hatua kwa hatua.

Kwanza shika jambo moja. Mkoa wetu hautungi sheria ndogo wala haupitishi bajeti ya kuzoa taka za mtaa wako. Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais. Kazi ya ofisi yake ni kusimamia, kushauri na kuwaweka meza moja wanaotofautiana. Wanaopitisha bajeti na sheria ndogo ni madiwani wa halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo hadi mwaka 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala, na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kwa hiyo unaanzia mtaani, unapanda hadi halmashauri, na mkoani unafika mwishoni ukiwa umeshika kitu mkononi.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari gumu moja la kumbukumbu. Karatasi moja moja hupotea.
- Simu yenye kamera inayoonyesha tarehe na mahali.
- Futi ya fundi, na chaki au rangi ya mafuta.
- Ramani ya kata yako. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ulichora kata nyingi za Dar zinazofurika, na ramani zake ni za wazi kwa kila mtu.
- Nakala ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 na ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016. Zote zipo kwa Kiswahili au Kiingereza mtandaoni.
- Bajeti ya halmashauri yako ya mwaka huu. Hatua ya 3 inaeleza namna ya kuipata.
- Watu watano hadi saba wa kuaminika. Mmoja awe mpangaji, mmoja awe mfanyabiashara wa barabarani, na mmoja awe mtu mzima aliyeishi hapo miaka mingi.
- Fedha kidogo ya fotokopi na nauli. Changisheni hadharani na muandike kila shilingi.

Huhitaji kusajili taasisi. Mkazi wa mtaa ana haki ya kusema kwenye mkutano wa mtaa wake hata kama hana kikundi.

## Hatua ya 1: Pima kabla hujalalamika

Ofisa anasikia neno "mafuriko" kutoka kata ishirini kwa wiki. Hawezi kulipanga. Anachoweza kupanga ni kimo cha maji, idadi ya nyumba na mahali.

Mvua kubwa ikikatika, tembea na chaki kabla ukuta haujakauka. Maji huacha mstari wa tope, mwembamba, wa rangi ya chai ya maziwa. Weka alama juu yake, pima kutoka sakafuni kwa futi, piga picha futi ikiwa imesimama pale pale ukutani, kisha andika tarehe, saa na jina la njia. Fanya hivyo kwenye nyumba ishirini au thelathini, mbali na mtaro na karibu nao. Ukishaziweka kwenye ramani, utaona kitu ambacho macho peke yake hayakioni: mara nyingi maji hayatoki mtoni, yanarudi nyuma kutoka kwenye kalavati moja iliyoziba.

Uliza maswali machache, yale yale kwa kila nyumba. Maji yalikaa saa ngapi? Nini kiliharibika? Watoto walikosa shule siku ngapi? Choo kilifurika? Mama anayeuza chapati kona ya mtaa alifunga kwa siku ngapi, na kwa kawaida siku moja anauza kiasi gani? Swali hili la mwisho wengi huliacha, na ndilo linalomfanya mchumi wa halmashauri ainue macho.

Linganisha tarehe zako na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Dar ina misimu miwili ya mvua, vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Ukiweza kupima misimu miwili mfululizo, ombi lako litakuwa na miguu.

Onyo: usiongeze hata nyumba moja. Nilikuwapo siku ombi letu la kwanza liliposomwa kwenye ofisi moja ya umma. Ofisa alifungua ukurasa wa sahihi, akaweka kidole kwenye majina sita yaliyoandikwa kwa mwandiko mmoja, akafunga faili. Majina yale yalikuwa ya wazee wasiojua kuandika, wakaandikiwa na mjukuu kwa nia njema. Hakutuuliza tena lolote, na mwaka mzima ulipotea. Asiyeweza kuandika aweke dole gumba, na aliyemsaidia aandike jina lake pembeni.

Hatua hii imekamilika pale mtu ambaye hajawahi kufika mtaani kwenu anaposoma kurasa mbili za daftari na kukuonyesha kwenye ramani maji yanapoanzia.

## Hatua ya 2: Walinde wanaokaa bondeni

Hatua hii huwezi kuiruka, na kwa nyumba za bondeni inatangulia Hatua ya 1.

Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Wakazi wengi wa Bonde la Msimbazi wanaukumbuka mwisho wa mwaka 2015, alama za X nyekundu ukutani na katapila zilizofuata. Ukienda kwao na daftari unauliza maji yalifika wapi, wewe unawaza mtaro. Wao wanawaza X.

Kwa hiyo zungumza kwanza, pima baadaye. Kaa nao, kina mama na kina baba, wapangaji na wenye nyumba. Waeleze daftari linaenda wapi na nani atalisoma. Anayekataa, heshimu. Katika nakala inayotoka nje ya mtaa, tumia namba badala ya majina ("Nyumba 14"), na orodha ya majina ibaki kwa mtu mmoja mnayemwamini. Picha za ndani ya nyumba zisionyeshe sura.

Pia amueni mapema msimamo wenu kuhusu kuhamishwa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu arobaini, familia nyingi zilipelekwa Mabwepande, mbali na vibarua na biashara zao za mjini. Ombi la tabianchi linaloishia kwa maskini kubomolewa bila fidia wala mahali pa kwenda ni ombi lililoshindwa, hata kama mto utatiririka vizuri. Andikeni waziwazi: "Ombi hili halihusu wala haliidhinishi kuondolewa kwa mkazi yeyote bila utaratibu wa kisheria na fidia stahiki."

## Hatua ya 3: Jua kila kitu ni cha nani

Hapa ndipo watu wanapopigwa danadana. Unakwenda manispaa, unaambiwa mtaro ni wa TARURA. Unakwenda TARURA, unaambiwa tope linatokana na taka, na taka ni za manispaa. Wote wawili wanasema kweli.

Mgawanyo, kwa ufupi, ni huu:

Halmashauri: uzoaji wa taka, dampo, vibali vya ujenzi, bustani, miti ya mitaani, masoko, sheria ndogo.

TARURA: barabara za mitaa na mitaro yake. Wakala huu ulianza mwaka 2017, na wakazi wengi bado hawajui kwamba mtaro wa barabara yao hauko tena chini ya mhandisi wa manispaa.

TANROADS: barabara kuu, kama Morogoro, Nyerere, Kilwa na Bagamoyo, pamoja na makalavati yanayopita chini yake.

Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu: mto wenyewe na maji yake. Uchafuzi na ukaguzi wa mazingira ni kazi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira.

TFS, wakala wa misitu: mikoko, kama ya Mbweni, Kunduchi na Mtoni Kijichi.

DAWASA: majisafi na majitaka. Chemba inayofurika barabarani ipeleke kwao.

Chukua ramani yako, fuata mtaro kwa miguu kutoka unapoanzia hadi unapomwaga, na uandike mwenye kila kipande. Tembea na mtu wa mtaa wa pili, maana mtaro hauheshimu mipaka. Ukikuta kipande kisicho na mwenyewe, weka alama ya nyota. Hapo ndipo mkoa utakapokufaa katika Hatua ya 9.

Sasa omba bajeti. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na taasisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Usiombe "taarifa zote za mazingira". Omba hivi: "Naomba nakala ya bajeti ya usafi na mazingira kwa mwaka huu wa fedha, pamoja na taarifa ya utekelezaji ya robo mwaka iliyopita." Ambatisha nakala ya kitambulisho cha taifa. Ukinyimwa, una haki ya kumwomba mkuu wa taasisi ile aupitie upya uamuzi huo, nawe ufanye hivyo kwa maandishi.

Soma pia ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu serikali za mitaa, inayowekwa wazi kila mwaka baada ya kufikishwa bungeni. Hoja ya ukaguzi inayoigusa halmashauri yenu ina uzito kuliko kurasa kumi za malalamiko.

## Hatua ya 4: Geuza kilio kiwe ombi lenye umbo

Ndani ya halmashauri, jambo lipo pale tu linapokuwa moja ya vitu vitatu: kasma kwenye bajeti, sheria ndogo, au azimio la Baraza la Madiwani. Chochote nje ya hivyo ni hotuba.

*Kasma* ni mstari wa bajeti wenye namba, jina la kazi na kiasi cha fedha. Ndiyo silaha yenu kubwa. Mfano: kuzoa taka kwenye vituo vinne kando ya mtaro kabla ya tarehe 30 Septemba na kabla ya tarehe 28 Februari kila mwaka, ili vuli na masika vikute njia wazi.

*Sheria ndogo* inafaa kwa mambo yanayohusu tabia ya watu wengi. Kwa mfano, kumtaka mwenye kiwanja asipige pevingi uwanja mzima, bali aache sehemu ya udongo inayonywa maji, au aweke tangi la kuvuna maji ya bati. Tembea Mikocheni au Sinza mvua ikinyesha, utaona kila ua uliosakafiwa unavyomwaga maji yake kwa jirani wa chini. Lakini sheria ndogo ni safari ndefu: rasimu, tangazo kwa wananchi watoe maoni, Baraza, idhini ya waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, yaani serikali za mitaa, kisha Gazeti la Serikali. Madiwani kupitisha si mwisho.

*Azimio* ni jepesi zaidi. Baraza linaweza kuazimia kwamba kila kata ilete taarifa ya mitaro kabla ya mvua. Halina fedha, ila linakupa mahali pa kuanzia mwaka unaofuata.

Mara ya kwanza chagueni moja tu. Nawasihi. Nimeona barua zenye maombi kumi na saba: mikoko, nishati safi, daladala za umeme, dampo la Pugu, miti milioni. Ofisa anaposoma hizo, anachagua rahisi kuliko zote, mara nyingi siku ya kupanda miti, anapiga picha na suala linaisha.

Kisha tafuteni gharama. Mwombeni fundi au mkadiriaji majenzi mwenye uzoefu awaandalie mchanganuo wa kurasa mbili: kazi, kiasi, bei, jumla. Haihitaji kuwa sahihi kwa shilingi. Inahitaji kuwepo, kwa sababu ombi lisilo na namba huwekwa kwenye kundi la "kulingana na upatikanaji wa fedha".

Onyo la maneno: kichwa cha barua kisianze na "mabadiliko ya tabianchi". Ukikianza hivyo, mtu wa masjala, ofisi inayopokea barua, ataona ni suala la Ofisi ya Makamu wa Rais, atalipeleka Dodoma, nawe utasubiri. Taja mtaro, taka, jiko, mti, barabara. Tabianchi iweke aya ya pili, kama sababu.

## Hatua ya 5: Funga ombi kwenye ahadi iliyokwishatolewa

Ofisa wa halmashauri anaogopa kuanzisha jambo jipya. Haogopi kutekeleza jambo ambalo wakubwa wake wamekwisha kulisaini. Mtafutie.

Tanzania imeahidi kwa dunia, katika mchango wake wa kitaifa wa mwaka 2021, kupunguza gesi joto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwepo bila hatua. Upo Mkakati wa Taifa wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi wa 2021 hadi 2026. Upo Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Pia inazitaka halmashauri ziwe na mpango kazi wa mazingira.

Huo mpango kazi uombeni. Kama upo, tafuteni ukurasa unaogusa mtaro wenu na muunukuu. Kama haupo, ombi lenu limepata aya yake yenye nguvu kuliko zote.

Taja pia mfano wa karibu. Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, kinachotumia taka za sokoni. Taka hizo zingeozea dampo zingetoa gesi ya methani. Diwani wa Temeke akisikia kwamba jirani ameweza, sauti yake kwenye kamati hubadilika.

## Hatua ya 6: Pata muhtasari wa mtaa na wa kata

Nyaraka ya msingi si barua yenu. Ni muhtasari wa mkutano wa mtaa unaosema "mkutano umeazimia", wenye sahihi ya mwenyekiti na mtendaji, na muhuri.

Mwone mwenyekiti nyumbani kwake kwanza, kwa adabu, jioni, kabla hujasimama mbele za watu. Mweleze, mpe nakala, mwache aulize. Kiongozi anayesikia jambo kwa mara ya kwanza mkutanoni hulipinga hata kama analipenda. Kisha mwombe aliweke kwenye ajenda kwa jina lake, lisiwe chini ya "mengineyo".

Siku ya mkutano, asiseme msomi wenu. Aseme mama wa chapati. Simameni na ramani kubwa iliyochorwa kwenye karatasi ya manila, alama za maji zikionekana kwa kalamu nyekundu, na watu wasogee waguse nyumba zao kwa kidole.

Kutoka hapo, ombi linaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu. Hakikisheni linaingia kwenye vipaumbele vya kata. Ombi ambalo kata haikulipa nafasi likifika halmashauri huulizwa swali moja tu: "Kata inasemaje?"

Wakati ndio kila kitu hapa. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Kwa kawaida mitaa na kata hukusanya vipaumbele kati ya Agosti na Novemba, halmashauri huchambua Desemba na Januari, Baraza hupitisha Januari au Februari, kisha mkoa, TAMISEMI na Bunge. Maji yanatujaza Aprili, hasira zinatujaza Aprili, na Aprili bajeti ya mwaka unaofuata imekwisha kupita madiwani. Tumieni Aprili kupima. Tumieni Agosti kuomba.

## Hatua ya 7: Andika barua, na usiondoke bila muhuri

Ukurasa mmoja. Viambatisho vitatu: muhtasari, ramani, mchanganuo wa gharama. Umbo lake liwe hili:

> Wakazi wa Mtaa wa ............,
> Kata ya ............,
> Dar es Salaam.
> Tarehe ............
>
> Mkurugenzi wa Manispaa,
> Halmashauri ya Manispaa ya ............
>
> K.K. (Kupitia Kwa): Afisa Mtendaji wa Kata
>
> YAH: OMBI LA KUTENGA FEDHA ZA KUZOA TAKA KATIKA VITUO VINNE KANDO YA MTARO WA ............ KABLA YA VULI NA MASIKA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mkutano wa mtaa wa tarehe ............ uliazimia kuomba kazi hii iingizwe kwenye bajeti ya mwaka wa fedha ............ Kati ya tarehe ............ na ............ nyumba ............ ziliingiwa na maji, kimo cha juu kikiwa sentimita ............ (Kiambatisho 2).
>
> Mvua kubwa za muda mfupi zinaongezeka kadiri tabianchi inavyobadilika, na taka zikiziba mtaro, maji hurudi majumbani. Gharama inakadiriwa kuwa shilingi ............ kwa mwaka (Kiambatisho 3).
>
> Tunaomba kujulishwa kwa maandishi kasma itakayobeba kazi hii, au sababu ya kutoingizwa.
>
> Nakala: Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Mtaa, Meneja wa TARURA wa Wilaya, kwa ajili ya uzibuaji wa tope.

Kwa wa Ilala, barua iende kwa Mkurugenzi wa Jiji. Sentensi ya mwisho msiifute. Inamtaka ofisa aandike kitu, na ukataa wa maandishi una thamani, kwa sababu unaweza kujibiwa.

Peleka nakala mbili masjala. Moja inabaki, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi, na inarudi nawe. Ukiambiwa muhuri haupo, au mwenye muhuri katoka, kaa kwenye benchi umngoje. Barua isiyo na muhuri haijawahi kufika.

Baada ya siku kumi na nne rudi uulizie "kumbukumbu namba" ya faili na iko mezani kwa nani. Kwa upole kila mara, na kila mara andika kwenye daftari jina la dawati, tarehe na ulichoambiwa. Usitoe chochote cha "kuharakisha". Siku utakayotoa, ombi la mtaa linageuka kuwa shida yako binafsi.

## Hatua ya 8: Ingia kwenye kamati kabla ya Baraza

Wengi wanasubiri Baraza la Madiwani. Siku ya Baraza mambo karibu yote yamekwisha kuamuliwa kwenye kamati za kudumu, hasa ya Mipango Miji na Mazingira na ile ya Fedha. Muulizeni diwani wenu majina ya wajumbe, kisha waoneni wawili au watatu wa kata zinazoshiriki mtaro huo huo nanyi. Madiwani watatu wakisema jambo moja, si kilio cha kata moja tena.

Mpe diwani ukurasa wa nusu anaoweza kuusoma akiwa amesimama: tatizo, kimo, gharama, kasma. Umuite Mheshimiwa, umshukuru hadharani akilisema. Usimfanye adui kabla hajakataa, na usiruhusu chama chochote kitundike bendera yake kwenye ombi lenu. Likishakuwa la chama kimoja, wengine watalipigia kura ya hapana bila kulisoma.

Vikao vya Baraza viko wazi kwa wananchi. Nendeni kumi, mmevaa kwa heshima, mkae kimya. Mtu anayetazamwa na watu wa kata yake huzungumza tofauti.

Mkiona lazima mwandamane, sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Mimi, kwa niliyoyaona, nashauri watu kumi kimya kwenye kikao kuliko mia barabarani. Waliopo barabarani hawaonekani kwenye muhtasari.

## Hatua ya 9: Sasa nenda mkoani

Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, Kisarawe, mkoa wa Pwani, unapita kati ya halmashauri zaidi ya moja na unaingia baharini karibu na Daraja la Salender. Hakuna diwani mmoja anayeweza kuutibu. Mradi wa kuendeleza bonde lake, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, unagusa sehemu ya chini, lakini mifereji inayoujaza tope inatoka kwenye mitaa ya juu.

Kwa mambo kama hayo kuna Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Mwenyekiti ni Mkuu wa Mkoa, na ndani yake wamo wakuu wa wilaya, wabunge, wenyeviti wa halmashauri na mameya, pamoja na wakurugenzi. Bajeti za halmashauri hupita hapo kabla ya kwenda TAMISEMI, na taarifa za TARURA, TANROADS na DAWASA husomwa hapo.

Barua yenu mwandikie Katibu Tawala wa Mkoa, ikiwa na vile vipande vyenye nyota. Ombi liwe la mkoa kweli: "Tunaomba TARURA, TANROADS na Halmashauri wakutane eneo la kalavati la ............ kabla ya tarehe ............ na kukubaliana kwa maandishi nani anazibua nini." Wakikutana kwenye kalavati, mmeshinda sehemu ngumu kuliko zote. Wapelekeeni ramani yenu siku hiyo, na viti viwili vya plastiki kwa wazee.

## Hatua ya 10: Fuata fedha hadi ziingie kwenye tope

Bajeti ikishapitishwa, ombeni kitabu chake na mtafute mstari wenu. Una namba? Kiasi ni kile kile? Ni fedha za mapato ya ndani au za kutoka serikali kuu? Za mapato ya ndani mnaweza kuzifuatilia hapo hapo kwa mweka hazina. Za serikali kuu huchelewa, basi ombeni kazi ipangwe robo ya kwanza, Julai hadi Septemba, si ya nne.

Kila robo mwaka muulizeni afisa mazingira wa kata swali moja: kiasi gani kimetoka? Kama kazi inatangazwa kwa zabuni, itaonekana kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali. Siku mkandarasi anakuja, mmoja wenu awepo asubuhi na daftari. Tazameni tope linapelekwa wapi. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza italirudisha lote mtaroni, na halmashauri itasema kazi ilifanyika.

Kasma ikikosekana, rudini na ile nakala yenye muhuri, muulize sababu kwa maandishi, na muanze Hatua ya 6 mwezi wa Agosti. Mtaa wetu uliingia kwenye bajeti mara ya tatu.

Vuli ikinyesha mvua yake ya kwanza kubwa, chukua chaki na futi, rudi kwenye zile nyumba thelathini, upime kwenye ukuta ule ule, karibu na alama ya zamani. Andika vimo vyote viwili kwenye ukurasa mmoja, tarehe kwa tarehe, kabla ukuta haujakauka.